Kile kipande nlichokikata

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh ndugu zangu wa darsa, Ijumaa karim. Wiki hii zamu ya tafakari ni yangu na nlitaka kuandika juu ya subra, nshapanga mpaka aya zangu, lakini Jumanne usiku kuna neno limenichoma na tokea hapo kila nikikaa kuandika subra mkono unakataa. Kwa hivyo leo nnakuleteeni filamu. Ndio, filamu. Wale wa "astaghfirullah, na huyu naye" nshawasikia, suala la ile miziki ya Kihindi na vile viuno nshamuuliza ustadhi na jibu nnalo, sina pa kujitetea, niombeeni dua tu.

Nyie mnanijua mie na filamu za Kihindi. Si mtaalamu, sijui nani kashika kamera, mie muangaliaji tu wa kwenye mkeka na bakuli la bisi. Nimerithi kwa marehemu baba, yeye alikuwa kijana wa Majestic pale Vuga, na umeme ukikatika nyumbani basi anatusimulia filamu nzima kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na nyimbo anaziimba, na Kihindi hajui hata neno moja. Dada yangu akiyakumbuka yale maneno ya baba ya Kihindi cha uongo anacheka mpaka anakaa chini. Huyo dada ndo maneno yenyewe ya leo.

Basi Jumanne nkamwekea mwanangu wa miaka tisa Sholay, nlitiliwa kwenye fleshi pale Darajani. Ya mwaka 1975, ina zaidi ya saa tatu, na bado hakuna filamu ya siku hizi inayoifikia, nabishana na yoyote. Kwa wale wacha Mungu wasioijua, kuna mzee mmoja Thakur, polisi wa zamani, jambazi Gabbar Singh kamkata mikono yote miwili, sasa anawakodi wezi wawili marafiki, Jai na Veeru, wamkamatie yule Gabbar hai. Jai ni Amitabh Bachchan bado kijana, Veeru ni Dharmendra. Mwanangu kama watoto wote swali la kwanza, mama steringi nani, jambazi nani? Nkamwambia masteringi hao wawili. Akakaa, akaangalia, akasema lakini mama hao wezi. Nkamwambia wezi lakini wazuri. Akanyamaza kidogo anatafuna bisi, halafu akauliza hivi hivi bila ya ubaya wowote: "Na mama mkubwa wa Pemba yeye ndo jambazi?"

Nkamuuliza nani kakwambia maneno hayo. Akasema, "Si weye, kwenye simu."

Yarabi. Bisi zilinikwama.

Sasa ngoja nikusimulieni ile kesi kama nlivokuwa nnaisimulia mie kwa miezi minane, maana wengi wenu humu nshakusimulieni moja moja kwa voisi noti za dakika saba saba. Marehemu mama katuachia mikarafuu kidogo huko Wete. Dada yuko huko, mie niko mjini huku. Msimu ukifika yeye anasimamia, anatafuta wachumaji, zikishauzwa ananiletea changu. Msimu huu uliopita kilichokuja kilikuwa kidogo, kidogo kweli, na jirani yao mmoja akanambia mbona mwaka huu karafuu zilizaa. Basi nkapiga simu nkamuuliza dada yangu pishi ngapi, akataja, nkamwambia hesabu hiyo mwambie mwengine. Kamaliza kunisikiliza akakata simu. Nkamfungia namba. Mpaka kanga nlinunua, ndugu zangu, nlizunguka maduka matatu Darajani naitafuta kanga kwa ajili ya jina lake tu, nkaipiga picha nkaiweka stetasi ili mtoto wa dada aione akamuoneshe mamake. Hiyo ndo filamu yangu, mie steringi, yatima wa mama nnayedhulumiwa na mkubwa wangu, na kila nlomsimulia alisema pole.

Lakini kuna kipande nlikuwa nakikata kila nikiisimulia. Nlimuahidi dada kuwa ntakwenda wiki mbili nimsaidie, kuchambua karafuu zitoke kwenye makonyo na kuanika, maana yeye mgongo wake si mzima. Sikwenda. Kulikuwa na harusi huku na sare nshashona. Na wiki hiyo hiyo ya harusi Pemba ilinyesha, karafuu ziko majamvini, mwanamke wa umri ule peke yake na mtoto mmoja wanakimbizana na majamvi usiku, zilizorowa zikaharibika, na wachumaji pesa zao ziko pale pale kwa sababu mchumaji analipwa kwa pishi alizochuma, yeye mvua haimuhusu. Yote haya nlikuwa nayajua! Kanieleza mwenyewe kabla sijasema lile neno la hesabu. Kipande hicho hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kukisikia.

Nadhani ndo maana filamu zinatunogea, zimetuzoesha kuwa machozi yote ni ya steringi. Mie Titanic, msinipige, siipendi. Najua nyie bado mnabishana kuhusu ule mlango kama Jack angelienea na yeye. Mie kinachonikera si mlango. Ile meli ni kweli, ilizama 1912 na walikufa watu zaidi ya alfu moja na mia tano, na sie tumekaa saa tatu na dakika kumi na nne tunamlilia kijana mmoja ambaye hata hakuwepo, katungwa tu. Wale wengine wanaanguka huko nyuma kama magunia na sie tunatafuna. Labda mwenzenu naiona hivo kwa sababu ya Septemba 2011, ile meli iliyozama ikitoka Unguja kwenda Pemba. Siku zile Nungwi hapakuwa na steringi, kila jeneza lilikuwa na mamake na kila nyumba ina kilio chake.

Ile ya 2001, Kabhi Khushi Kabhie Gham, hiyo naipenda, najua kilio chake kimezidi chumvi na mtu hawezi kuwa na nyumba kubwa vile, lakini kile kipande cha mama aliyesimama mlangoni na sinia lake kabla mtoto hajatokea kwa sababu moyo wake ushamwambia anakuja, pale mie sina ujanja, nalia kila mara. Baba mtu ni Amitabh yule yule, sasa mzee, kamfukuza mtoto na roho yake inamuuma lakini hawezi kusema samahani, miaka inapita. Wiki hii nimejiuliza, nlipokuwa nnamlaani yule mzee kwa kiburi chake mie namba ya dada ilikuwa imefungwa kwenye simu hii hii niliyoishika.

Turudi kwa Jai maana yeye ndo kanimaliza. Jai ana sarafu. Kila wakibishana yeye na Veeru anarusha sarafu, sura au mgongo, na mambo yanaamuliwa hapo. Kufika mwisho wako kwenye daraja, majambazi wanakuja, Jai kashapigwa risasi, risasi zao zinakaribia kuisha, mmoja lazima arudi kijijini kuleta na mwengine abaki azuie. Karusha sarafu. Kashinda yeye, yaani yeye ndo abaki. Veeru kaondoka, kurudi kamkuta mwenziwe anakata roho. Mwanangu aliruka, "Mama steringi hafi!", na ndo tulivolelewa sote, steringi hafi, wakati Mola wetu kashasema kila nafsi itaonja mauti na hakumtoa mtu. Halafu Veeru anaiokota ile sarafu, anaigeuza, na upande wa pili sura ile ile. Pande zote mbili sawa. Ilikuwa haiwezi kuangukia pengine.

Nlimwambia mtoto akalale, mie nkabaki nimekaa kwenye mkeka na bakuli tupu.

Kwa sababu mie pia nna sarafu hiyo, na weye unayo dada yangu unayesoma hapa usijifanye huna. Kila tukigombana na mtu tunairusha, tunasema hebu niangalie kwa haki nani mkosa, tunairusha juu kabisa na watu wanaona, na kila siku inaangukia "mie nimeonewa". Mara kumi, mara ishirini. Hatujiulizi hii sarafu gani! Tafauti ni kuwa Jai kaitengeneza ya kwake ili afe yeye mwenziwe abaki hai, mwizi yule, wa kwenye sinema, kafiri wa kutungwa. Sie tunaosali sala tano tumeitengeneza ya kwetu ili ndugu zetu washindwe kila siku.

Usiku ule nkafungua Surat Yusuf, si mnajua Mwenyezi Mungu kaiita mwenyewe kisa bora kabisa. Nimeisoma tangu chuoni na fimbo ya mwalimu, aya mia na kumi na moja, lakini hapa sijawahi kupaona. Mwisho kabisa, wazee wake washapandishwa kwenye kiti, ndugu zake wako mbele yake, na Yusuf anahesabu neema za Mola wake. Anasema kanifanyia wema aliponitoa gerezani. Gerezani. Kisima hakukitaja! Kisima kilikuwa cha kwanza, ndo kilichoanza msiba wote, na kakiruka. Wanavyuoni wamelisema hili, hakukitaja kwa sababu waliomtia kisimani walikuwa wamesimama pale pale na keshawaambia hakuna lawama juu yenu leo. Halafu anaendelea, na kakuleteni nyie kutoka jangwani baada ya Shetani kuchochea baina yangu na ndugu zangu. Hakusema baada ya ndugu zangu kunifanya vile, kosa kamtupia Shetani, na kujitaja kajitaja yeye mwanzo.

Na kabla ya hapo, wakati wale ndugu hawajamjua, walimwambia usoni, akiwa ameiba huyu basi na ndugu yake aliiba zamani, yaani yeye mwenyewe, waziri mzima anaitwa mwizi kwenye nyumba yake. Aya inasema akalificha nafsini mwake. Mie naambiwa neno na jirani nalipeleka stetasi kabla chai haijapoa.

Kwa hivyo hata Nabii wa Mwenyezi Mungu akisimulia alikuwa na kipande anachokikata. Alikata kinachowaaibisha wenziwe. Mie nlikikata cha kuniaibisha mie, vyao nkaviongeza sauti.

Na hapa wanawake wenzangu niachieni niseme kidogo kwa ukali, najisema na mie. Sie wa visiwa hivi tuna ufundi wa mafumbo ambao Mwenyezi Mungu atatuuliza. Tunakata udugu kwa kanga, kwa stetasi, kwa kuchelewesha "waalaykumu salaam" sekunde mbili ili mtu ajue. Na tunaswali. Mtume wetu, rehma na amani ziwe juu yake, kasema si halali Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, na mbora wao ni anayeanza salamu. Siku tatu, mie nlikuwa nnakwenda mwezi wa tisa na tasbihi mkononi. Na kasema muungaji udugu si yule anayelipa sawa kwa sawa, ni yule ambaye akikatwa yeye anaunga. Mie hata kukatwa sikukatwa!

Wapo watakaosema bi fulani wangu mie kadhulumiwa kweli, shamba limechukuliwa kweli. Sawa, hilo lipo, peleka kwa kadhi na upate haki yako, na kusamehe si lazima mlale chumba kimoja. Mnaikumbuka The Message ya Moustapha Akkad, ya 1976, yule Wahshi anayemuua Sayyidna Hamza, ami yake Mtume, kwa mkuki. Alivosilimu Mtume alimpokea Uislamu wake, lakini alimuomba kama anaweza asimuoneshe uso wake. Na ile filamu, Mtume mwenyewe haonekani humo wala sauti yake haisikiki, watu wanasema na kamera tu. Kisa chote ni chake na hayumo hata kwenye picha moja, na mie nataka niwemo kwenye kila picha.

Sikulala vizuri. Baada ya alfajiri nliifungua ile namba. Nlipiga haikupokelewa. Nkapiga tena. Ya tatu ikapokelewa na hakuna anayesema, nasikia kuku tu na mtu anatwanga huko nyuma. Nlikuwa nshaandika cha kusema kwenye karatasi ya dawa, sikukiona. Nkasema dada nisamehe, nlisema nakuja kuchambua na sikuja. Kimya. Wallahi nkadhani kashakata. Halafu nkamsikia anaguna kidogo, akauliza, "Huyo mtoto anakula siku hizi au bado anatafuna bisi tu?"

Kesho Jumamosi nna boti ya asubuhi inshaallah, nachukua mtoto na fleshi. Bahari wanasema imechafuka kidogo, niombeeni.