Siku Moja Maishani Mwangu: Zamu ya Mchana katika Wodi ya Watoto Wachanga

Saa 1:00 asubuhi. Tunapokabidhiana zamu, swali langu la kwanza kwa mwenzangu wa usiku ni mtoto alizaliwa saa ngapi. Wanaokuja na manjano, yaani ngozi na macho kuwa ya njano, tunawahesabia umri kwa saa, kwa sababu kiwango kilekile cha bilirubini (rangi ya njano ya damu inayoleta manjano hayo) ambacho kwa mtoto wa saa 96 aliyetimiza miezi yake kingetufanya tumfuatilie tu, kwa mtoto wa saa 18 ni dharura. Leo yupo mmoja wa saa 18, mama yake ni wa kundi la damu O na yeye ni A. Manjano yanayoonekana kabla ya saa 24 kutimia hatuyaiti ya kawaida hata siku moja. Hapa kingamwili za mama ndizo zinazovunja chembe nyekundu za damu ya mtoto, naye amekwisha kuwekwa chini ya taa ya buluu inayotibu manjano.

Saa 2:30. Ninawapitia waliobaki, kila mmoja karibu na dirisha. Ninabonyeza ngozi ya paji la uso kwa kidole, ninakiachia, na kabla damu haijarudi ninaitazama rangi inayobaki pale. Kisha ninafanya hivyo kifuani, ninatazama fizi na weupe wa macho. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi, fizi na macho husema mapema zaidi kuliko ngozi. Jicho langu limeizoea kazi hii, lakini siliamini: linaweza kuniambia kwamba manjano yapo, haliwezi kuniambia ni kiasi gani. Hilo ni la kipimo.

Saa 4:00. Mama mmoja ananiuliza, “Sista, ni kitu gani nilichokula?” Hakuna alichokula. Mtoto huzaliwa na chembe nyekundu nyingi zinazoishi muda mfupi kuliko za mtu mzima. Zikivunjika hutoa bilirubini, na ini ambalo bado ni changa huchelewa kuisafisha. Ndiyo maana takriban watoto 6 kati ya 10 waliotimiza miezi, na 8 kati ya 10 wa njiti, huwa na manjano katika wiki ya kwanza. Kwa wengi huanza siku ya 2 au ya 3, na kwa waliotimiza miezi huisha ndani ya wiki 2 hivi. Ninachomsisitizia ni kunyonyesha mara 8 hadi 12 kwa siku, kwa kuwa bilirubini hutoka na choo, na choo kikikawia tumboni sehemu yake hunyonywa tena na kurudi kwenye damu.

Saa 6:00 mchana. Mwanga wa buluu hubadili umbo la bilirubini iliyo kwenye ngozi ili itoke kwa nyongo na mkojo bila kulisubiri ini. Ninajivunia kwamba aliyeligundua jambo hili alikuwa muuguzi, Jean Ward wa hospitali ya Rochford huko Uingereza, ambaye katika miaka ya 1950 aliona kwamba ngozi ya mtoto aliyetolewa juani ilipauka, isipokuwa pale palipofunikwa na shuka. Hata hivyo, jua la dirishani si tiba: kipimo chake hakijulikani, na mtoto anaweza kuungua au kupatwa na baridi. Chini ya taa anabaki na nepi tu, macho yamefunikwa, na kazi yangu kubwa ni kukirudisha kitambaa hicho kila kinapoteleza puani.

Saa 8:00. Damu ya yule wa kundi A inarudiwa. Ninazima taa wakati wa kuichukua, na chupa yake ninaifunika, kwa maana mwanga huharibu kipimo. Kiwango kimepanda, ila kwa mwendo wa polepole kuliko asubuhi. Daktari anaongeza taa ya pili na kuagiza damu ya akiba iwe tayari, endapo itabidi abadilishwe damu. Ninaloliogopa ni bilirubini kuingia ubongoni: mtoto anasinzia mno, anakataa ziwa, analegea, kisha analia kwa sauti nyembamba na kujipinda nyuma. Akipona baada ya hapo, anaweza kubaki kiziwi au asiweze kuutawala mwili wake.

Saa 10:00 jioni. Kliniki imetuletea mtoto wa wiki 3 ambaye bado ana manjano, ananyonya vizuri na ameongezeka uzito. Ninaomba nepi yake. Choo ni cheupe kama chaki, na mkojo umetia doa la njano iliyokolea. Afya njema ya sura yake isitudanganye. Huenda njia za nyongo zimeziba, na upasuaji wake huleta matokeo bora ukifanywa kabla ya siku 60. Anachukuliwa kipimo cha bilirubini ya aina zote mbili, ile ambayo ini limeshaishughulikia na ile ambayo bado, na daktari anaandika rufaa jioni hiihii.

Saa 12:00. Ninamruhusu mtoto mwenye upungufu wa G6PD, kimeng’enya kinacholinda chembe nyekundu za damu zisivunjike. Wazazi wanapewa orodha ya dawa za kuepuka, na ninawaonya juu ya vidonge vya naftalini vinavyowekwa kabatini: nguo zilizokaa navyo zinaweza kuivunja damu yake upya. Taa ilizimwa leo mchana, na kiwango huweza kupanda tena, hivyo ninawaandikia kwenye kadi warudi kesho saa 4:00 asubuhi kwa kipimo.