Siku moja maishani mwangu: kazi ya mandhari ni mawe

Nikisema nafanya kazi kwenye shirika la kuhifadhi mandhari, watu huniuliza tuna wanyama gani. Hatuna wanyama. Tuna mlima wenye matuta ya kilimo na kuta za mawe zilizopangwa bila saruji na watu waliokwisha kufa zamani.

Saa 11 alfajiri. Niko macho. Mvua imenyesha usiku kucha, na kwangu mvua ya usiku maana yake ni ukuta chini asubuhi.

Saa 1. Nimekuta mmoja umeanguka, na si wa wazee. Ni ule uliokarabatiwa kwa saruji kabla hatujafika. Ukuta wa mawe matupu una mianya kila mahali, maji hupita yakaenda zake. Ukiuziba kwa saruji bila kuacha matundu, udongo wa nyuma hulowa, huwa mzito na kusukuma, mpaka ukuta unafura tumbo na kupasuka.

Saa 2 mpaka saa 4 tulichambua mawe: makubwa ya msingi, marefu ya kufungia, madogo ya kujazia nyuma. Nilipanga jiwe moja kwa madaha, sura yake nzuri ikitazama nje. Mzee fundi akaling'oa.

"Mwanangu, umelilaza kwa ubavu. Urefu uingie ndani ya ukuta, siyo uonekane."

"Sawa, mzee."

Miaka sita ya kazi hii, na bado nang'olewa mawe.

Mgeni kutoka kwa mfadhili alipaswa kufika saa 3. Alifika saa 5 kasoro, viatu safi, akasimama juu ya tuta akauliza, "Miti iko wapi?"

Nikamweleza kwamba mradi ni wa kuta. Akasema anaelewa, lakini miti iko wapi? Nikamwonyesha tuta la juu, lililoachwa bila kulimwa, ambako mche uliojiotea umekuwa mti na mizizi yake imeufumua ukuta. Akaupiga picha mti. Akauliza kwa nini tusizungushie mlima uzio, watu wasiingie, mandhari yapumzike. Hapo nilihesabu kimoyomoyo kabla ya kujibu. Mandhari haya yametengenezwa kwa majembe, mkulima akiondoka hayapumziki, yanaporomoka. Nikamtajia matuta ya mpunga ya Ifugao, Ufilipino: yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1995, na kufikia 2001 yalikuwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, sababu mojawapo ikiwa vijana kuondoka na matuta kuachwa. Yalitolewa huko 2012. Nikaongeza kwamba UNESCO ilianza kutambua mandhari ya kitamaduni, yaani kazi ya binadamu na maumbile kwa pamoja, tangu 1992. Aliitikia kwa kichwa vizuri tu. Kisha akafungua fomu kwenye simu: "Idadi ya miti iliyopandwa." Sehemu hiyo ina kinyota chekundu, haikubali kuachwa wazi, wala haikubali sifuri. Tulijaribu.

"Mita za ukuta je?" nikauliza. Hakuna pa kuziandika.

Akaenda kwenye gari akarudi na mche mmoja kwenye mfuko. Kumbe alikuja nao. Alitaka tuupande pale pale penye ukuta mpya, picha itoke vizuri. Mzee akaweka nyundo chini.

"Bwana mkubwa, huo mizizi yake itaingia ukutani."

Ikawa mabishano ya adabu, yale yanayochosha kuliko matusi. Mwishowe tukaushusha mpaka bondeni, dakika ishirini kwa miguu, tukachimba shimo, tukatabasamu.

Kuanzia hapo sikuangalia saa tena. Chakula nilikisahau. Tulirudi kwenye mawe mikono ikiwa mizito, toroli likapasuka tairi, tukabeba mawe kwa mikono. Jua lilikuwa linashuka tulipoweka safu ya juu. Mzee akapanda, akatembea juu yake mwanzo hadi mwisho. Hakuna jiwe lililocheza. Hakusema kitu, na kwa mzee huyu hiyo ni sifa kubwa.

Usiku nilikaa na ripoti. Maelezo ya ukuta yalizidi nafasi waliyotoa, nikayakata mara mbili. Kwenye miti nikaandika 1. Fomu ikakubali.