Sare ya Bustani ya Jamhuri

Nikisafiri naweza kusahau mswaki, ubao wa sataranji siusahau. Safari hii kazi ilinipeleka Tanga. Jioni nikautandaza kwenye benchi la Bustani ya Jamhuri, bandari ikiwa chini yetu na Kisiwa cha Toten mbele ya macho, nikapanga kete zote 32, nikangoja. Katika mji wa ugenini sihitaji kumwita mtu, ubao huita wenyewe.

Vijana waliokuwa wakicheza drafti kwa vizibo vya soda walikuja, wakatazama, wakarudi zao. Kisha akaja mzee wa kanzu na kofia. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Nani anaanza?" Jina hakuniuliza, wala nilikotoka.

Alishika kila kete kwa ncha za vidole viwili na kuitua katikati kabisa ya mraba. Malkia waliliwa mapema, ngome zikafuata, muuza kahawa akatujazia vikombe mara ya pili. Tukabaki na wafalme wetu na askari wangu mmoja wa pembeni. Vijana wa drafti sasa walikuwa wametuzunguka.

Askari wa pembeni hana ushindi mfalme wa mpinzani akishaiwahi kona, na mzee alikuwa ameiwahi. Nikamsukuma askari hadi hatua moja kabla ya kugeuka malkia, mfalme wangu akimlinda kwa nyuma. Mfalme wa mzee akakosa hata mraba mmoja wa kukanyaga.

"Kafungwa mzee!" Mmoja akaninyanyua mkono kama bondia. Kwenye drafti asiye na pa kwenda ameshindwa, na hayo wanayajua tangu utotoni.

Mzee akagonga kichwa cha mfalme wake kwa kidole. "Huyu nani kampiga cheki?"

Hakuna aliyejibu. Cheki ni kete ya mpinzani kumtishia mfalme, na hapo hakuna iliyomtishia.

"Hajapigwa cheki na hana pa kwenda. Ni sare."

Wakanigeukia. Nikawaambia mzee kasema kweli. Naipenda kanuni hii kuliko zote za sataranji: aliyezidiwa, aliyebaki peke yake, bado ana njia ya kuokoka, mradi aijue mapema.

"Yaani umembana vile, halafu sare?" akauliza mmoja, amekunja uso. Mzee akasogea, akampigia benchi kofi. "Kaa hapa, baba. Farasi unamjua anavyokwenda?"

Hakumjua. Tukaanzia hapo: mbili mbele, moja pembeni, na kuruka vichwa vya wenziwe ruksa. Magharibi ilipoadhiniwa mzee akaenda kuswali, sisi tukaendelea kwa tochi ya simu ya kijana.