Mfuto, si tele: pishi 62 za fitri, Ngamiani, Tanga

Kila Idi ikikaribia huzuka mtaalamu wa kusema, "Toeni hela, mambo yaishe." Sisi wa Tanga wengi ni Washafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, na fitri yetu, yaani zaka ya kumaliza mfungo, ni chakula kile kinacholiwa zaidi mahali ulipo, pishi moja kwa kila kichwa, mtoto wa kunyonya naye humo. Safari hii nilikabidhiwa fitri ya nyumba kumi na nne, watu 62. Kwa kilo mbili na nusu kila mtu ni kilo 155, yaani magunia matatu ya kilo hamsini na kilo tano za rejareja. Kwenye daftari ilikaa vizuri sana.

Pishi ni ujazo wa vibaba vinne, si uzito, ndiyo maana ubishi wa kilo hauishi: pishi ya unga na pishi ya mchele hazilingani kwenye mizani. Kilo mbili na nusu za mchele ni za tahadhari, ili isipungue.

Mchele nilichukua soko la Mgandini, bei ikicheza kati ya elfu mbili na tatu kwa kilo. Ukioneshwa mdomo wa gunia tu, ondoka. Taka bambo, ule mrija wenye ncha wa kuchotea sampuli, lichomwe ubavuni na chini, maana chenga hukaa chini na punje ndefu juu. Kisha tafuna punje mbili: mchele mkavu wa zamani unakatika kwa mlio, ule mpya unasagika kama chaki na ukipikwa unageuka uji. Mtu hawezi kupika pilau ya Idi kwa uji.

Sasa kosa langu, na nalitaja bila haya. Nilipima bakuli moja dukani likatoa kilo mbili na nusu, nikaona tumemaliza, nikawaachia wasaidizi waendelee. Nao kwa mkono wa kheri wakawa wanachota na kurundika, kila bakuli lina kichuguu, na kila mmoja anagonga bakuli sakafuni "lijae vizuri". Kugonga kunashindilia punje, basi ujazo ule ule unabeba uzito zaidi. Tulipofika mwisho wa mchele vifurushi vilikuwa 56. Watu sita hawana fitri, na anayeulizwa ni mimi. Gawanya 155 kwa 56 utaona kila kifurushi kilibeba karibu robo kilo ya ziada. Wazee walikuwa na maneno yao kwa hili: kibaba cha tele ni kile chenye kichuguu, kibaba cha mfuto ni kile kilichopitishwa kijiti juu kikawa sawa na ukingo. Sisi tulipiga hesabu ya mfuto, tukapima tele.

Vyote vilifunguliwa. Dawa ilikuwa kidumu cha mafuta cha lita tano. Kioshe kwa maji ya moto na sabuni mara mbili, kikauke juani kabisa, la sivyo punje zinanata na mchele unanuka mafuta. Mimina ndani kilo mbili na nusu zilizopimwa kwa mizani, sawazisha bila kugonga, piga alama kuzunguka, halafu kata pale pale kwenye alama. Ukingo wenyewe ndio kipimo. Jaza, pitisha rula, mwaga. Hakuna wa kubishana na ukingo. Ukibadili mchele pima upya, maana punje fupi na ndefu hazijipangi sawa. Vifurushi sita vilivyopotea vikapatikana, vyote.

Mifuko ya nailoni ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na kaki, yaani mfuko wa karatasi, ikiwa peke yake ni mtihani: miaka hii mfungo unaangukia karibu na masika, karatasi inavuta unyevu na kitako kinaachia. Weka kaki mbili, moja ndani ya nyingine, na kubeba ni kwa kikapu, si kwa kushika mdomo wa mfuko.

Usingoje mwezi uandame. Fungasha siku ya 27 ya mfungo, gawa 28 na 29, kwa sababu tangazo likitoka usiku kila mtu ana lake, na fitri haitakiwi kuvuka swala ya Idi. Tena usihesabu nyumba, hesabu majiko. Nyumba moja ya Ngamiani ina vyumba sita na majiko matano uani. Ukipeleka kifurushi kimoja kwa mwenye nyumba umeacha wapangaji wanne wakitazama. Orodha nilikaa nayo na mjumbe. Kupeleka ni baada ya Isha, kwa baiskeli, vifurushi sita kwa safari, bila foleni na bila simu ya kupiga picha.

Kifurushi cha mwisho kilikwenda kwa bibi mmoja wa barabara za ndani. Shikamoo, marahaba, akatoa kibaba chake cha mti kutoka uvunguni, akapima mbele yangu, kila kimoja akikifuta kwa kiganja. Kimoja, viwili, vitatu, vinne. Kwenye karatasi zikabaki konzi mbili hivi.

"Na huu, mwanangu?"

"Huo ni wako pia, bibi."

Akaurudisha kwenye kaki, akaikunja mdomo mara tatu, akanipa nazi mbili niweke kwenye kikapu.