Gitaa lilikuwa linalia kama nyuki kwenye hedifoni, nimepata dawa

Jamani, nimelala vizuri. Naishi kwenye muzigo, chumba kimoja cha kupanga, hapa Nakulabye, Kampala, ukuta mwembamba hadi jirani akikohoa nasikia, basi usiku napiga kwa hedifoni tu na ndo maana nilichagua kaampu (kipaza sauti cha gitaa) kadogo ka dijitali.

Shida: kwenye spika yake mlio poa, nikichomeka hedifoni zzzzz, nyuki ndani ya debe. Nikabadilisha kebo, nikapunguza geini (ule ukali wa mkwaruzo), nikaazima hedifoni nyingine, wapi!

Kilichosaidia: nilifungua programu ya ampu kwenye simu, nikaingia kwenye ule mlio niliodaunlodi, na mwisho kabisa wa mnyororo wa vidude ambavyo sauti inapitia, baada ya ekwalaiza (ya kurekebisha besi na sauti za juu), kuna kidude cha kabineti. Kilikuwa kimezimwa! Hicho ndo kinaiga spika ya gitaa, maana spika ya kweli inameza zile sauti kali za juu, kama kuanzia 5 kHz hivi, hedifoni inakuletea zote. Nikawasha, nikachagua kabineti ya spika ya inchi 12, nyuki kimya.

Halafu sevu. Mi nilizima ampu bila kusevu, asubuhi nikawasha, nyuki wamerudi, nikacheka peke yangu.