Nilivyohamisha usomaji wa kigunduzi kutoka VME kwenda kwenye mtandao

Mfumo niliokabidhiwa wa kusoma data ya kigunduzi cha chembe ulitumia basi la VME, yaani njia ya pamoja inayounganisha kadi za elektroniki na kompyuta, teknolojia ya mwaka 1981 ambayo bado iko kwenye maabara nyingi za fizikia ya chembe. Kadi zake zilikuwa nzima kabisa. Shida ilikuwa utaratibu: triga (ishara ya kwamba kuna tukio la kurekodiwa) ikipiga, kadi zote zinafungwa, kompyuta inazisoma moja baada ya nyingine, na mpaka ya mwisho imalize hakuna tukio jipya linalopokelewa. Chembe iliyopita katika muda huo mfu imepotea moja kwa moja.

Wenzangu walitaka tuagize kadi za kasi mara moja. Niliomba tupime kwanza muda unapotelea wapi, na ninafurahi kwamba walikubali.

Jenereta ya mapigo, kifaa cha kutoa ishara za majaribio, ilituonyesha mfumo usiopoteza chochote, na matokeo hayo hayana maana yoyote. Chukua usomaji wa mikrosekunde 200 na triga 1,000 kwa sekunde. Mapigo ya jenereta huachana kwa mikrosekunde 1,000 kamili, hivyo yote husomwa. Chembe hazina zamu. Mara chembe mbili zinafuatana papo hapo, mara kimya kirefu, na kwa namba zile zile asilimia 17 hivi ya matukio hupotea. Tukatafuta jenereta ya mapigo ya nasibu, na tangu hapo siidhinishi mfumo wowote ambao haujapimwa hivyo.

Kipimo hicho kilituamulia muundo. Kilichotakiwa ni kutenganisha kunasa na kusafirisha, ili kimoja kisisubiri kingine. Kila kadi mpya ina vigeuzi vya mawimbi kuwa namba na FPGA, chipu ambayo saketi zake hupangwa na mtumiaji, inayoandika sampuli muda wote kwenye bafa ya mzunguko (kumbukumbu ya muda ambayo ikijaa huandikwa upya kuanzia mwanzo). Triga ikipiga, chipu inakata kipande kinachohitajika, inakiweka kwenye foleni ya kutoka, na kuandika kunaendelea. LHCb, jaribio kubwa kule CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, wamelifikisha wazo hili mbali zaidi: kwa awamu ya LHC, kichapuzi cha chembe cha huko, iliyoanza 2022 waliondoa kabisa triga ya vifaa, wakausoma mkondo wote, kiasi cha terabaiti 4 kwa sekunde, na uchujaji wa kwanza ukahamia kwenye kadi za GPU (vichakataji vya michoro). Sisi tulibaki na triga, maana kigunduzi chetu ni kidogo na nafasi ya kuhifadhi data ni ndogo pia.

Mtandao ndio ulionikalisha usiku. Wastani wa data ulikuwa chini kabisa ya uwezo wa laini ya gigabiti 10, lakini pakiti zilipotea. Sababu ni triga yenyewe: ikipiga, kadi zote hutuma kwa mkupuo mmoja kuelekea mlango mmoja wa swichi (kifaa cha mtandao kinachounganisha kadi na seva), ule unaoingia kwenye seva. Bafa ya mlango huo inafurika kwa muda mfupi mno, kiasi kwamba grafu inayochora wastani wa kila sekunde haioni kitu. Kaunta za pakiti zilizotupwa, zilizomo ndani ya swichi, ndizo zilizotuambia ukweli. Swichi yenye bafa kubwa ingesaidia, lakini tatizo lingerudi siku ambayo kadi zingeongezeka. Nilichofanya ni kugeuza mwelekeo wa amri: kadi haitumi mpaka seva iombe, na seva inaomba kwa kadi chache kwa wakati mmoja. Kadi hushikilia data yake mpaka ithibitishiwe kwamba imefika. Upotevu ukaisha, na foleni za ndani ya kadi zikabaki fupi hata chini ya mapigo ya nasibu.

Hata baada ya hapo sikukubali tuzime VME mara moja. Tuligawanya ishara za kigunduzi kwa vigawanyio, tukakumbuka kurekebisha vizingiti (volti ya chini inayohesabiwa kuwa ishara) kwa sababu kigawanyio cha vipingamizi hupunguza volti kwa nusu, kisha mifumo yote miwili ikasoma chembe zile zile. Ulinganisho ulikuwa wa tukio kwa tukio. Histogramu mbili zinaweza kufanana vizuri huku matukio yamechanganyika ndani yake. Kwa njia hiyo tukabaini kwamba mihuri ya muda (saa iliyoandikwa kwenye kila tukio) ya mifumo hiyo miwili ilikuwa inaachana kila baada ya sekunde 34 hivi. Hiyo ni alama ya kaunta ya biti 32 kwenye saa ya 125 MHz: inajaa, inarudi sifuri, na programu ya kuunganisha matukio ilikuwa haihesabu mzunguko huo. Tuliongeza biti kwenye kaunta, tofauti zikatoweka.

Kreti ya VME, yaani sanduku linalobeba kadi zake, ilizimwa pale kila tukio lililokuwa kwenye mfumo wa zamani lilipopatikana kwenye mpya, likiwa na wimbi lile lile na muda ule ule. Yale ya ziada kwenye mfumo mpya yalikuja hasa katika vipindi ambavyo ule wa zamani ulikuwa umefungwa, na idadi yake ililingana na hesabu ya muda mfu tuliyoianza nayo. Sasa kinachotubana ni kasi ya kuandika kwenye diski.