Kisanduku cha Saa Kumi na Mbili

Ulikuwa msimu wa karafuu Pemba, harufu yake ikiingia mpaka wodini. Bibi wa kitanda cha dirishani alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi iliyokwisha kusambaa. Kilichobaki kwetu ni kumtuliza. Mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, kila baada ya masaa 4, na ya kulalia dozi maradufu ili asiamshwe usiku wa manane.

Ya saa 12 jioni nilimpa mimi, tena kwa kuchelewa. Nikampangusa mdomo, nikaitwa kitanda cha pili, nikakabidhi zamu mbio mbio, nikaenda zangu. Kisanduku cha saa 12 kwenye karatasi yake ya dawa nikakiacha kitupu.

Saa 4 usiku mwenzangu akakikuta hivyo hivyo. Binti wa mgonjwa akamwambia, "Nesi wa jioni kampa." Saa ngapi? Kiasi gani? Hajui. Na dozi inayofuata ni maradufu. Mwenzangu akaogopa kumzidishia, wala simlaumu. Simu yangu nilikuwa nimeizima. Mpaka daktari wa zamu anapatikana, saa 6 imeshapita.

Asubuhi nilikuta pembe ya kanga ya bibi imetafunwa mpaka imetoboka. Alikuwa akiiuma asipige kelele.

"Mwanangu," akaniambia, "jana nimelia mbele ya binti yangu. Sijapata kulia mbele yake."

Kukijaza kisanduku kile kana kwamba niliandika kwa wakati kungekuwa uongo. Niliandika chini, kwa saa ya asubuhi ile: naandika kwa kuchelewa, dozi ilitolewa saa 1 kasoro dakika 10. Halafu nikayaandika maneno yake kama alivyoyatamka. Tulizoea kuandika "mgonjwa ana maumivu", basi. Nikamuuliza yanamuuma wapi, yamefika ngapi kati ya 0 na 10, na yeye mwenyewe anataka nini. Akasema anataka kwake, afe akiisikia adhana ya msikiti wao. Nalo nikaliandika.

Siku 4 baadaye ikazungumzwa habari ya kumvusha kwenda Unguja. Daktari akafungua faili, akausoma mstari ule, akawaita watoto wake. Bibi akarudishwa kwake.

Baada ya maziko binti alileta chupa ya mofini iliyobaki, na daftari la skuli nililompa. Kila dozi ina saa yake. Mstari wa mwisho, kwa penseli: "Saa 12 asubuhi. Mililita 5. Kalala."